Aktueta Haichaguliwi kwa Inchi ya Bomba

(Haya niliyaongea mbele ya mafundi na wanafunzi wa ufundi hapa Mtwara mjini, Jumamosi mchana, joto kali na feni moja inayozunguka kwa kujisikia. Vijana wakaniomba niandike. Nimeandika kama nilivyoongea, nilikorukaruka mnisamehe.)

Assalam aleikum, Bwana asifiwe, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Mwenyekiti kanipa nusu saa, nusu yenyewe imeshaliwa na utambulisho, kwahiyo naingia moja kwa moja.

Mnaona hiki kitu nimekiweka mezani hapa, hii ni boli valvu ya inchi 3. Ndani ina gololi ya chuma imetobolewa katikati, ukigeuza robo mzunguko tundu linaangaliana na bomba, kitu kinapita, ukirudisha robo mzunguko gololi inaonyesha tumbo lake, kitu kinasimama. Basi. Hamna valvu rahisi kuielewa kama hii, na labda ndo maana watu wanaidharau. Sasa juu yake badala ya mkono wa kugeuzia tunaweka mashine ya kugeuza, hiyo ndo aktueta. Inaweza kuwa ya hewa, ya umeme, au ya mafuta ya presha. Swali nililoletewa ni hili, fundi, nikiwa na valvu ya inchi fulani nanunua aktueta ya saizi gani?

Jibu langu mnalijua wengine maana mmelisikia mpaka mmechoka: inchi haikwambii kitu. Ukienda dukani ukasema nipe aktueta ya inchi 3, muuzaji akakupa bila kukuuliza swali lolote, toka dukani humo bana, usigeuke nyuma.

Ngoja niwape kisa, na kisa chenyewe mkosaji ni mimi.

Miaka imepita sasa, rafiki yangu mmoja alikuwa anasimamia kiwanda cha kubangua korosho, jina la kiwanda tuliache. Nyie ni watu wa huku, mnajua mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi, yakikugusa ngozi inababuka, mtoto aliyekulia kwenye korosho kovu la utomvu analo mkononi au mdomoni. Mafuta yale yanakusanywa kwenye tangi yanauzwa, chini ya tangi kulikuwa na boli valvu ya inchi 3 ya mkono. Rafiki yangu akataka ifungwe na kufunguliwa kwa swichi ili kijana wake asikae anapangusa mafuta kila lori likija. Mi nikasema hiyo kazi ndogo.

Nikatafuta karatasi ya mwenye kutengeneza valvu, imeandikwa nguvu ya kuzungusha ni nyutoni mita 60. Nikachukua aktueta ya hewa ambayo katalogi inasema inatoa 80 hewa ikiwa bar 5.5. Nikajipiga kifua, nimeongeza theluthi nzima juu, mtaalamu huyo. Tukaifunga uani kwanza kwa majaribio, kompresa imetoka kujaa, geji inasoma bar 8, valvu tupu haina kitu ndani, nikabonyeza, tak! Imefunga. Tak! Imefungua. Watu wakapiga makofi. Nikalipwa, nikala pweza siku ile.

Msimu ukaisha, kiwanda kikapumzika miezi kadhaa. Kilipowashwa tena nikapigiwa simu, fundi mashine yako haigeuki. Nimefika, kompresa inanguruma, na kweli aktueta inajikaza, unaiona inatikisika kidogo hivi kama mtu anayesukuma gari lililozama kwenye mchanga wa Msimbati, lakini shafti haiendi. Nikaenda kupima hewa palepale kwenye aktueta, sio kule kwenye kompresa, nikakuta bar 3.5. Mpira wa hewa ulikuwa mrefu na mwembamba, na katikati ya njia kuna mashine nyingine tatu zinainyonya.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Aktueta ya hewa ya aina hii, ile yenye pistoni mbili zenye meno zinazozungusha gia katikati, nguvu yake inakwenda sambamba na hewa unayoipa. Bar 5.5 inatoa 80. Bar 3.5 inatoa 80 mara 3.5 gawa kwa 5.5, hamna hata 51. Na valvu ilitaka 60 ikiwa mpya na safi! Pale uani kwenye bar 8 nilikuwa natoa kama 116 kuzungusha valvu tupu, hata ingekuwa imefungwa na kamba ya mgomba ingekatika. (Na nikisema bar namaanisha kipimo cha presha, naona huko nyuma mmeanza kucheka, baa ya kunywea uraka tutaongea baadaye.)

Na hapo bado hatujayagusa mafuta yenyewe. Mafuta ya maganda yakikaa, hasa penye joto, yanaganda yanakuwa kama gundi, yanaingia kati ya gololi na siti zake. Siti ni zile pete mbili laini zinazoibana gololi, huku na huku. Kwahiyo ile 60 ya kwenye karatasi ilikuwa haipo tena, valvu ilitaka labda mara mbili yake ili ing'oke tu. Kung'oka hapa ndo neno la kushika. Boli valvu iliyokaa imefungwa muda mrefu, ugumu wote uko mwanzo, pale gololi inapobanduka kwenye siti, ikishabanduka inakuwa nyepesi, halafu mwishoni inapojikaza tena kufunga ugumu unarudi kiasi. Wenye kutengeneza valvu wazuri wanakupa namba za hatua zote hizo. Mwingine anakupa moja tu, basi uliza ni ya hatua gani, na ni kwa presha gani ya kwenye bomba, na kwa kitu gani kinachopita.

Maana presha ya bomba nayo ina neno lake. Hizi valvu ndogo nyingi gololi yake inaelea, haijashikwa chini, presha ikija inaisukuma gololi yote ikaegemee siti ya upande wa pili. Tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ikiongezeka, gololi inaegemea zaidi, kuizungusha kunakuwa kugumu zaidi. Valvu hiyohiyo, inchi ileile, kwenye tangi la maji la shule na kwenye laini ya presha kubwa zinataka nguvu mbili tofauti kabisa. Ndo maana valvu kubwa za presha kubwa, kama zinazotumika kwenye bomba za gesi, gololi yake inashikwa juu na chini kwa shafti, haielei, mzigo wa presha unabebwa na beringi badala ya siti.

Na gesi kavu, hili vijana wa huku mlisikilize vizuri maana kwetu gesi sio hadithi. Songo Songo gesi imegunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, bomba la kwenda Dar limekamilika 2015 na kiwanda cha kusafisha kipo hapo Madimba, mnapita kwenye barabara yake. Gesi ikishasafishwa inakuwa kavu, hailainishi kitu. Maji na mafuta mepesi yanapita yanapaka utelezi kidogo kwenye gololi, gesi kavu haipaki, siti inasuguana kavukavu na gololi. Kwahiyo ukichukua namba ya valvu iliyopimwa kwa maji ukaipeleka kwenye gesi, umejidanganya. Vumbi la saruji au chokaa ndo baya zaidi, linaingia kwenye siti linafanya kazi ya msasa.

Mi binafsi kwenye maji safi naongeza asilimia 30 juu ya namba ya mtengenezaji. Gesi kavu naanzia 50. Kitu kinachonata au chenye chenga, au valvu inayokaa miezi haijaguswa, nazidisha mara mbili. Hiyo ni mazoea yangu, mtengenezaji akikupa yake fuata yake.

Turudi kiwandani. Hapo nimeshaaibika, na mtu aliyeaibika anaharakisha. Kwanza kuna kijana alichukua spana ya bomba akaishika ile shafti aisaidie, huku hewa iko ndani. Nikamwahi nikamtoa. Ile ikibanduka ghafla spana inaruka na mkono wako, nimeshaona mtu kavunjwa taya. Hewa unaifunga kwanza, unaimwaga yote, ndo unagusa. Sitalirudia hili, ila wenzenu waliolisahau wapo.

Halafu nikafanya kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza, na watu wengi hawalijui. Nikasema dawa ya udogo ni ukubwa. Nikaleta aktueta ya kutoa 300 kwenye bar 5.5. Na tukarekebisha hewa, tukaweka mpira mnene wa peke yake, ikawa inafika bar 7. Piga hesabu hapo, 300 mara 7 gawa 5.5, inakaribia 382. Tukabonyeza. Ikageuka! Kile kidude cha juu chenye rangi kikaonyesha wazi, njano ileee. Lori likasogea, bomba likafunguliwa, hamna kitu. Hata tone. Tukafunga, tukafungua, kidude kinasema wazi, bomba linasema hapana.

Nikaivua aktueta. Ile shafti ya valvu, pale kwenye kichwa chake cha mraba, ilikuwa imejisokota kama kamba ya katani, nilipoishika kwa vidole ikazunguka yenyewe bila upinzani wowote. Imekatika ndani. Gololi iko palepale imefunga, juu huku aktueta inajizungukia na kutangaza ushindi. Kidude cha kuonyesha kinakaa juu ya aktueta, na limiti swichi zake, zile swichi ndogo za kutoa taarifa imefunga au imefungua, zinakaa hukohuko juu, vyote vinakwambia aktueta iko wapi, havikwambii gololi iko wapi. Sasa fikirieni ingekuwa kinyume chake, swichi inasema imefunga, kumbe gololi iko wazi, na kinachopita ni gesi.

Kumbe kwenye ile karatasi ya valvu, ukurasa wa nyuma, kuna namba nyingine, nguvu kubwa kabisa ambayo shafti inaruhusiwa kubeba. Ya valvu ile ilikuwa 180. Mi nimeipa 382. Na hata ile flanji ya kufungia aktueta juu ya valvu ina kikomo chake. Kuna kipimo cha dunia nzima kinaitwa ISO 5211, ndo kinachofanya aktueta ya kampuni moja ikae kwenye valvu ya kampuni nyingine. Flanji inaitwa F05, F07, F10 na kuendelea. Hii ya mezani ni F07, duara la matundu lina kipenyo cha milimita 70, bolti nne za M8, na kikomo chake ni nyutoni mita 250. F05 ni 125, F10 ni 500. Kwahiyo nilivunja mipaka miwili kwa mpigo, nashukuru ilikatika shafti tu.

Hapo ndo nilipojifunza kukaa chini. Chini kuna sakafu, juu kuna dari, aktueta inatakiwa ikae katikati. Sakafu: valvu inataka 60, mafuta yananata, zidisha mara mbili, 120. Na hiyo 120 niipate siku ile hewa imechoka kabisa, sio siku kompresa imeshiba. Nikapima siku tatu asubuhi na jioni, mashine zote zinafanya kazi, hewa haikushuka chini ya bar 4. Basi nataka aktueta inayotoa 120 kwenye bar 4, ambayo katalogi itaisoma 165 kwenye bar 5.5. Dari: shafti inabeba 180. Kwahiyo nikaweka regyuleta kabla ya aktueta, nikaikaza bar 5.5 isivuke hapo hata kompresa ipande vipi, nguvu kubwa kabisa itakayotoka ni 165, shafti salama. Valvu mpya, aktueta mpya, fedha zangu mwenyewe. Ile mpaka leo inafanya kazi, na kijana yule niliyemtoa kwenye spana ndo anayeihudumia. Anaigeuza mara moja kila wiki hata kama hamna lori, isilale ikaganda.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie ya springi halafu umeme.

Aktueta ya hewa ziko mbili, moja hewa inafungua na hewa inafunga, nyingine hewa inafungua na springi inafunga, au kinyume chake. Kuchagua kati ya hizo mbili swali ni moja tu, hewa ikiisha au umeme ukikatika saa nane usiku, unataka valvu ibaki wapi? Gesi inayokwenda kwenye tanuru, unataka ifunge. Maji ya kupooza mashine, unataka yaendelee kupita, ifungue. Ikiwa huna shida ibaki popote ilipo, chukua isiyo na springi, ni ndogo na bei nafuu. Usichague springi kwa sababu jirani anayo.

Sasa springi ina tabia ya kibinadamu, ikibanwa inakuwa na hasira, ikishaachiwa inalegea. Valvu ikiwa wazi springi imebanwa kabisa, ina nguvu zake zote. Ikifika mwisho wa kufunga, palepale gololi inapotakiwa kujikaza kwenye siti, springi ndo imechoka. Kwahiyo kwenye katalogi utakuta namba nne, hewa mwanzo, hewa mwisho, springi mwanzo, springi mwisho. Watu wanasoma springi mwanzo kwa sababu ndo kubwa. We soma springi mwisho. Na hewa mwisho nayo, maana hewa inageuza valvu huku inaibana springi, kazi mbili kwa mkono mmoja, na kule mwisho springi ndo inapinga zaidi. Ndo maana aktueta ya springi inakuwa kubwa sana kuliko ile nyingine kwa valvu ileile, usishangae bei.

Kuna na aina nyingine ya kubadilisha mwendo wa pistoni, haina meno, ina uma unaosukumwa na pini, zile kubwakubwa za kwenye bomba. Zenyewe zina nguvu nyingi mwanzo na mwisho na katikati zinalegea, na ukikumbuka nilivyosema boli valvu ni ngumu mwanzo na mwisho, utaona zimeoana kama mchuzi wa pweza na wali wa nazi.

Umeme. Pasipo na kompresa, aktueta ya umeme ni sawa kabisa, valvu za maji zilizo mbalimbali huko kwenye matangi ya vijijini, huwezi kuvuta hewa mpaka huko. Ila angalia mambo haya: haina haraka, inaweza kuchukua nusu dakika kugeuza robo mzunguko, na kwa maji hiyo ni baraka, maji mengi ukiyasimamisha ghafla yanapiga bomba nyundo mpaka viungo vinaachia. Mota yake inahitaji kupumzika, ikiandikwa asilimia 25 maana yake ikifanya kazi sekunde 15 ipumzike 45, ukiipelekesha bila kupumzika inaungua. Umeme ukikatika inabaki ilipokuwa, isipokuwa ukinunua yenye betri au springi. Na kwetu huku pwani, iwe Shangani, Mikindani au Lindi mjini, unyevu wa usiku unaingia ndani ya boksi unageuka maji, kwahiyo yenye hita ndogo ndani uiunge ile hita, nimefungua boksi nyingi nimekuta waya wa hita umeachwa unaning'inia, na ndani kuna kutu na mjusi. Penye gesi, boksi liwe na cheti cha sehemu za hatari ya mlipuko. Hapo hamna mjadala wa bei.

Na chumvi! Aktueta nyingi ni alumini. Rangi ikichubuka tu karibu na bahari, inaanza kutoa unga mweupe. Bolti chukua za chuma kisichoshika kutu, zipake grisi kabla ya kufunga, la sivyo siku ya kuzifungua utaita msumeno. Na tangi la kompresa limwage maji kila asubuhi. Kila asubuhi! Hewa ya huku imejaa maji, yakiingia kwenye aktueta yanaosha grisi, oringi, zile pete za mpira za kuziba hewa, zinakauka, halafu unasema umeuziwa feki.

Dada pale nyuma ameuliza kabla sijamaliza, swali zuri, nisome kwa sauti: "Fundi, kama karatasi ya valvu imepotea na mtengenezaji hajulikani, nafanyaje?" Unaipima, dada yangu. Spana ya kupimia nguvu, ile yenye saa, unaiweka kwenye shafti valvu ikiwa kwenye laini, presha ikiwa ya kazi, imekaa imefungwa siku kadhaa, unageuza pole pole unasoma pale inapobanduka. Presha ikiwa ya hatari huthubutu kuigusa hivyo, basi nunua valvu mpya yenye karatasi, ni rahisi kuliko mazishi.

Mwenyekiti kashasimama. Hii ya mezani nimekuja nayo makusudi, ndo ile ya kwanza, ya korosho, shafti yake iliyosokotwa bado iko ndani. Njooni mbele wote muishike kwa mikono. Nani ana spana namba 13?